Mgeni na Mwenyeji katika Vilima vya Masisi

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kuitwa mgeni ni kushtakiwa. Wengi wetu tukisikia habari za huko hudhani kwamba Wahunde na Wanyarwanda wamekuwa maadui tangu asili. Historia inatueleza mengine.

Wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako Rutshuru kabla ya wakoloni. Wale wa Masisi, wengi wao waliletwa. Mwaka 1937 Wabelgiji, waliotawala Kongo na Rwanda pamoja, walianzisha mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda Kivu. Rwanda ilikuwa na watu wengi na ilikuwa imepigwa na njaa kali mwaka 1928 na 1929. Tena, walowezi wa Kizungu wa Kivu walitaka vibarua wa mashamba yao. Hadi mwaka 1955 watu zaidi ya 80,000, Wahutu na Watutsi, walikuwa wamevushwa mpaka. Huko Gishari, katika nchi ya Wahunde, waliwekewa chifu wa kwao. Mwaka 1957 uchifu huo ukafutwa, wakawa chini ya machifu wa Kihunde.

Hivyo Mhunde aliona ardhi ya babu zake ikigawiwa wengine, na mhamiaji akabaki akilima shamba lisilo na haki iliyo thabiti. Baada ya uhuru, wanasiasa walilichochea jeraha hilo. Sheria ya 1972 iliwapa wahamiaji uraia. Ile ya 1981 ikawanyang'anya, ikidai mababu waliokuwako Kongo mwaka 1885. Machi 1993 vita vililipuka, na maelfu wakafa. Wengi wa pande zote mbili walikuwa wamebatizwa.

Habari hizi hazimwondolei mwuaji dhambi yake. Zinatuonya tu tusiite chuki hiyo asili ya damu, maana tunajua mwaka ilipopandwa. Katika Mambo ya Walawi 25:23 Mungu anasema kwamba ardhi ni yake, na watu wake wote ni wageni kwake. Mhubiri anayesimama Masisi na neno hilo hana budi kwanza kukaa na kusikiliza vilio viwili: cha aliyepokonywa ardhi, na cha mjukuu wa aliyeletwa, ambaye hana kwingine kwa kurudi.