Mwalimu wa Bauchi

Nilimjua Abubakar Tafawa Balewa kama mwandishi kabla sijamjua kama waziri mkuu. Ni mwaka ule niliacha chuo, karo imenishinda, nikawa nashinda kwa muuza vitabu kuukuu nikisoma bila kununua. Hapo ndipo nilipata *Shaihu Umar*, riwaya nyembamba ya Kihausa iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Jina la mwandishi nikadhani ni la kufanana tu. Kumbe ni yeye mwenyewe.

Aliiandika akiwa kijana wa ishirini na kitu, mwalimu wa shule huko Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. Mtoto anaibwa, anauzwa, anavushwa jangwa la Sahara hadi Misri. Mama yake anamfuata, naye anatiwa utumwani. Wanakuja kuonana mama akiwa karibu kufa. Nilikimaliza siku hiyo hiyo, na nikakinunua.

Mtu wa kuandika hivyo ungemtarajia awe sheikh, sio mwanasiasa. Lakini baada ya kusoma London 1945 alirudi na kuingia siasa. Mwaka wa 1948 alisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria akasema waziwazi kwamba umoja wa Nigeria ni nia ya Waingereza, wenyeji hawajautaka. Miaka tisa baadaye yeye ndiye waziri mkuu wa nchi hiyo hiyo, na tarehe 1 Oktoba 1960 akaupokea uhuru wake.

Mkubwa wa chama chao hakuwa yeye. Alikuwa Ahmadu Bello, Sardauna wa Sokoto, aliyechagua kubaki kaskazini atawale jimbo lake. Balewa akapelekwa Lagos. Watu walimsifu kwa upole na sauti yake nzuri, na mimi nampenda kwa riwaya ile, lakini wacha niseme kinachonikera. Mei 1962 wabunge wa Jimbo la Magharibi walipopigana kwa viti bungeni, Balewa alitangaza hali ya hatari siku chache tu baadaye. Oktoba 1965 uchaguzi ukaibwa katika jimbo lilo hilo, watu wakauawa, nyumba na magari yakachomwa. Safari hii aliyeng'ang'ania kiti ni Akintola, mshirika wa chama chake. Balewa akanyamaza. Sheria aliijua vizuri sana, ila hapo ingemgonga rafiki.

Cha ajabu ni kwamba mambo ya askari kuasi hayakuwa mageni kwake. Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi, na Nyerere, kwa aibu kubwa, akaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wake. (Wa kwetu pale Lanet waliasi wiki hiyo hiyo, na sisi pia tukaokolewa na Waingereza. Hilo darasani tulilipita mbio.) Nyerere hakutaka wakoloni wa jana wakae. Akaomba nchi za Afrika zimsaidie, na Balewa akamtumia kikosi cha Nigeria chini ya Luteni Kanali James Pam, kishike ulinzi wakati jeshi jipya linaundwa. Miezi kadhaa askari wa Nigeria walilinda serikali ya mwalimu mwenzake Balewa, kazi ikaisha, wakarudi kwao.

Januari 1966 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Lagos kuhusu Rhodesia, ambako walowezi wa Ian Smith walikuwa wamejitangazia uhuru. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kutoka nje ya London. Nyerere hakuenda, alikuwa amevunja uhusiano na Uingereza mwezi uliotangulia kwa sababu ya Rhodesia hiyo hiyo. Balewa akawa mwenyeji, akasalimia wageni, akawaaga.

Usiku wa kuamkia tarehe 15, maafisa vijana wa jeshi wakiongozwa na mameja walimtoa nyumbani kwake. Sardauna waliuua Kaduna, Akintola Ibadan. Wa Lagos hakujulikana alipo kwa siku kadhaa, hadi mwili ulipopatikana kando ya barabara ya kwenda Abeokuta. Vile alivyokufa watu wanabishania mpaka leo. Walimzika Bauchi, alikofundisha.

Naye Kanali Pam, yule wa Tanganyika, aliuawa Lagos usiku huo huo na askari wenzake.