Usomaji wa Saa na Tarehe kwa Kiswahili katika Programu za Kompyuta: Historia ya Saa Rasmi na Kumbukumbu za Mwadui

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya saa rasmi nchini Tanganyika na athari zake katika namna programu za kompyuta zinavyohifadhi na kuonesha wakati kwa Kiswahili. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940, umetumiwa kama mfano kwa sababu umri wake unavuka mabadiliko mawili ya saa rasmi. Hoja kuu ni kwamba saa ya Kiswahili ni mfumo wa kuhesabu wakati, si orodha ya maneno ya kutafsiriwa, na kwamba programu inayoichukulia kama maneno matupu hupotosha kumbukumbu bila kutoa ishara yoyote.

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anaposema saa tatu asubuhi, mshale mfupi wa saa ya ukutani huwa kwenye tisa. Wageni hufundishwa jambo hili katika masomo ya mwanzo, na katika isimu limezoeleka mno kiasi cha kutotafakariwa. Hata hivyo, kumbukumbu zinapohamishwa kutoka daftari kwenda kwenye hifadhidata, huzuka maswali matatu. Je, saa iliyoandikwa ilihesabiwa kuanzia wapi? Je, saa rasmi ya mahali pale, siku ile, ilikuwa ipi? Na je, usiku unaotajwa ni wa tarehe ipi? Swali la kwanza na la tatu ni ya kiisimu, na la pili ni la kihistoria. Kompyuta huyajibu yote kimyakimya, iwe ina taarifa sahihi au haina.

2.0 Lugha Moja, Saa Tofauti

Januari 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Saa za nchi hizo, kinyume cha tahajia, hazikusanifishwa pamoja. Chanzo kinachotumiwa na kompyuta nyingi duniani kuhusu jambo hili ni hifadhidata ya kanda za saa iitwayo tz. Ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, kwa sasa inaratibiwa na Paul Eggert, na huchapishwa chini ya IANA.

Kwa mujibu wa hifadhidata hiyo, Dar es Salaam ilifuata wakati wa jua lake yenyewe, yaani saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich, hadi mwaka 1931 ilipochukua saa 3 kamili. Mwaka 1948 ilirudi nyuma hadi saa 2 na dakika 45, na mwaka 1961 ikarejea kwenye saa 3, ambayo inatumika mpaka leo. Nairobi ilipita njia nyingine: saa 2 na nusu kuanzia mwaka 1930 hadi mwisho wa 1936, kisha saa 2 na dakika 45 hadi Julai 1942, kisha saa 3.

Maana yake ni kwamba kati ya mwaka 1931 na 1936, maneno saa mbili asubuhi, yakiandikwa kwa tahajia ileile iliyoidhinishwa na kamati ileile, yalitaja nyakati zinazopishana kwa nusu saa kati ya Dar es Salaam na Nairobi. Kuanzia mwaka 1948 yalipishana kwa robo saa, safari hii Nairobi ikiwa mbele. Mafaili ya tz yenyewe yanatahadharisha kuwa si chanzo chenye mamlaka ya mwisho. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuyalinganisha na matangazo ya serikali ya wakati husika.

3.0 Mfano wa Mwadui

Mwadui, mkoani Shinyanga, iko karibu na longitudo 33.6 mashariki, ilhali Dar es Salaam iko 39.3. Kwa kuwa kila nyuzi moja ni sawa na dakika 4, jua hufika utosini Mwadui dakika 23 hivi baada ya Dar es Salaam. Leo, inapotimu saa sita kamili mchana kwa saa rasmi, jua la Mwadui kwa wastani bado lina dakika 46 kufika utosini. Chini ya saa rasmi ya 1948 zilikuwa 31. Macheo nayo huwa kwa wastani saa 12 na dakika 40 hivi asubuhi.

Hesabu hii inalazimu kurekebisha maelezo yaliyozoeleka kwamba saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Maelezo hayo yanaeleza asili ya mfumo, si matumizi yake ya sasa. Saa rasmi iliposogezwa mwaka 1948 na 1961, saa ya Kiswahili ilisogea nayo, ingawa jua halikusogea. Semi kama majogoo na mafungulia ng'ombe ndizo zilizobaki zimefungamana na jua na kazi za watu; saa yenye tarakimu imekuwa usomaji wa saa rasmi kwa tofauti isiyobadilika ya sita.

Historia ya mgodi inaonesha athari za mabadiliko hayo. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa kwa ajili ya harusi yake, ilipatikana Oktoba 1947, chini ya saa 3. Kifo cha Williamson, Januari 1958, na kuuzwa kwa mgodi kwa De Beers na serikali katika mwaka huohuo, vilitokea chini ya saa 2 na dakika 45.

Ichukuliwe mathalani simu ya maandishi iliyotumwa kutoka Mwadui mwaka 1958, saa tatu kamili asubuhi. Kwa saa rasmi ya Tanganyika, hiyo ilikuwa saa 06:15 kwa wakati wa dunia, UTC. Hata hivyo, katika toleo la kawaida la tz, jina Africa/Dar_es_Salaam kwa sasa ni lakabu tu ya Africa/Nairobi. Sababu ni kwamba mradi huo hutenganisha kanda zilizotofautiana tangu mwaka 1970 tu. Historia ya awali ya Dar es Salaam imewekwa katika faili la pembeni liitwalo backzone, ambalo kompyuta nyingi hazilipakii. Programu ya kawaida basi itaandika 06:00. Robo saa huonekana kitu kidogo, lakini ikiwa simu ile ilijibu ujumbe uliotoka London saa 06:05, jibu litaonekana limetangulia swali. Mwanahistoria anayepanga matukio kwa kutegemea mashine hataoneshwa kosa lolote.

4.0 Saa ya Kiswahili ndani ya Programu

Hazina ya data za lugha na mahali iitwayo CLDR, inayosimamiwa na Unicode, ndiyo huelekeza simu na kompyuta namna ya kuandika wakati kwa kila lugha. Hazina hiyo inatambua mizunguko minne ya saa: 1 hadi 12, 0 hadi 11, 0 hadi 23, na 1 hadi 24. Usomaji wa Kiswahili haumo. Lakini katika data za Kiswahili, adhuhuri imeandikwa saa sita za mchana na kati ya usiku saa sita za usiku, wakati tarakimu ya nyakati hizo ni 12:00. Hesabu mbili zimewekwa katika faili moja pasipo kupatanishwa: maneno yanafuata mfumo mmoja na tarakimu zinafuata mwingine. Mtu anayepokea taarifa kwamba zamu yake inaanza saa 2:00 usiku hawezi kujua, kwa maandishi hayo pekee, kama aripoti mapema baada ya jua kuzama au usiku wa manane.

Njia ya mkato inayoweza kumvutia mwandishi wa programu ni kuiwekea mashine ukanda wa saa ulio nyuma kwa saa sita, yaani UTC kutoa 3. Tarakimu zitatoka sahihi, lakini tarehe itaharibika. Saa nane ya usiku wa kuamkia tarehe 10 itaandikwa kuwa ya tarehe 9, kwa kuwa njia hiyo imehamishia mwanzo wa siku kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka huo hauafikiani na kalenda rasmi, inayoanza siku katikati ya usiku, wala desturi ya pwani, inayoanza siku jua linapozama. Kutoa sita kunapaswa kufanyika mwishoni kabisa, wakati wa kuonesha saa, tarehe ikiwa imeshapatikana kwa ukanda halisi. Na matokeo yakiwa sifuri, huandikwa 12.

Kirai usiku wa kuamkia kinastahili uzito zaidi kuliko kinavyopewa. Kimerithiwa kutoka hesabu ya siku inayoanza magharibi, na kinaondoa utata ambao tarehe tupu hauondoi. Daftari likisema usiku wa Jumanne, zamu inayoanza jioni na kumalizika asubuhi huachwa kati ya tarehe mbili. Likisema usiku wa kuamkia Jumatano, utata haupo. Programu inayokifuta kirai hicho na kubakiza tarehe moja inapoteza taarifa ambayo mwandishi wa daftari aliihifadhi kwa makusudi.

5.0 Hitimisho

Kumbukumbu za aina ya Mwadui zinahitaji kuhifadhiwa kwa vipengele vitatu pamoja: maneno ya wakati kama yalivyoandikwa, saa rasmi iliyotumika mahali hapo siku hiyo, na wakati wa dunia uliokokotolewa. Kipengele cha tatu kinaweza kurekebishwa rekodi za saa zikirekebishwa. Cha kwanza kikipotea hakirudi. Kwa upande wa lugha, BAKITA na TATAKI zina nafasi ya kuwasilisha kwa Unicode maelezo rasmi ya usomaji wa saa wa Kiswahili kama mzunguko kamili wenye kanuni zake. Kiwango kilichotenga nafasi ya kuhesabu kutoka 0 hadi 11 hakina sababu ya kiufundi ya kukataa hesabu inayotumiwa kila siku na mamilioni ya wasemaji. Hadi hapo itakapofanyika hivyo, Kiswahili kitaendelea kuandikwa katika mashine kwa maneno yake yenyewe na kwa saa ya lugha nyingine.