Mrabaha si fidia

Mrabaha, wingi mirabaha, ni sehemu ya mapato anayolipwa mwenye mali kila mali yake inapotumiwa kuzalisha. Asili yake ni neno la Kiarabu ribh, yaani faida, na ndugu yake ni murabaha wa benki za Kiislamu. Riba inafanana nao kwa sauti, lakini ni ya ukoo mwingine.

Waandishi wa vitabu wanalijua neno hili siku nyingi. Wachimbaji wa mafuta na gesi pia wanalo. Huko Texas, mwenye shamba anaweza kumiliki hata kilicho chini yake. Akiikodisha haki hiyo, hulipwa fedha za awali mkataba unapotiwa saini, kisha kisima kikitoa hupata mrabaha: kwa desturi ya zamani, sehemu moja ya nane ya kinachotoka. Kisima kikavu hakina mrabaha.

Tanzania, mafuta na gesi ni mali ya umma. Sheria ya Petroli ya 2015 iliweka mrabaha wa asilimia 12.5 kwa visima vya nchi kavu na 7.5 kwa vya bahari kuu, nao huingia serikalini. Mwanakijiji anayehama kupisha bomba la mafuta au gesi hulipwa fidia. Gazeti likiandika kwamba amepata mrabaha, limemtajirisha kwa kalamu tu.