Mwandishi wa kujitegemea: soma vocha kabla hujasaini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Kaka, nikimtumia mhariri wazo la makala, halafu akampa mwandishi wake wa ofisini aandike yeye, nikashtaki wapi?"

Jibu fupi: huna pa kushtaki. Najua linauma, hata mimi liliniuma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama zilivyo sheria za aina hiyo karibu dunia nzima, inalinda maandishi, hailindi wazo. "Akina mama wanaolima mwani wanapata hasara" ni wazo, na wazo ni la kila mtu. Lakini maneno 1,200 uliyoyapanga wewe kuhusu akina mama hao ni mali yako tangu ulipoyaandika. Huhitaji muhuri wa mtu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema ulinzi usitegemee usajili. COSOTA wanaandikisha kazi na karatasi yao inasaidia siku ya ubishi, ila hakimiliki haizaliwi pale dirishani kwao.

Kwa hiyo swali la maana si "nitalindaje wazo langu". Swali ni: barua yako kwa mhariri ina kitu gani ambacho mwandishi wake wa ofisini hawezi kukipata kesho asubuhi?

Vijana wengi huandika hivi: "Mimi ni mwandishi chipukizi mwenye kipaji, ningependa kuandika kuhusu mwani Zanzibar." Hapo umempa mhariri neno "mwani" bure, na hujampa sababu hata moja ya kukuhitaji wewe. Linganisha na hii:

"Ndugu Mhariri, kwa miezi minne nimekuwa nikiwafuatilia akina mama watatu wa Paje walioacha kuuza mwani mkavu na kuanza kutengeneza sabuni ya mwani. Mmoja wao ameniruhusu kusoma daftari lake la mapato na matumizi. Napendekeza makala ya maneno 1,200 na picha tano, nitakayoikamilisha siku kumi baada ya jibu lako. Wazo hili sijalipeleka kwingine. Nisipopata jibu hadi tarehe 20 nitalipeleka. Ninatoa haki ya kuchapa mara moja katika jarida lako. Matumizi mengine yote tutakubaliana kwa maandishi."

Basi, inatosha. Lile daftari la yule mama ndiyo kufuli yako. Mhariri akitaka kukuruka itabidi amtume mtu Paje akakae miezi minne, na hakuna jarida la kwetu lenye bajeti hiyo. Tarehe nayo ni muhimu, maana wahariri wengi hawakatai, wananyamaza tu, na wewe unakaa unasubiri kama mtu aliyechumbia. Halafu tafuta jina la mhariri wa ukurasa husika, na usome matoleo matatu ya nyuma kabla ya kuandika. Nimeshaona mtu anapeleka makala ya siasa kwenye jarida la mapishi, halafu analalamika kwamba wahariri wana upendeleo.

Ila mimi naona tunahangaika sana na wizi wa mawazo, wakati hasara kubwa tunajiletea wenyewe kwa kalamu yetu. Ngoja niwasimulie yangu.

Mwaka 2006 nilikwenda Paje mara ya kwanza. Nililala siku tatu kwa watu, nikapiga picha kwa kamera ya kuazima, nikarudi Dar nikaandika makala kuhusu akina mama wa mwani. Jarida moja likaichukua. Ikatoka vizuri, jina langu kubwa kabisa, nikamwonyesha mama. Mshiko ndio ulikuwa kasheshe. Njoo Ijumaa, mhasibu kasafiri, njoo mwisho wa mwezi. Miezi minne ya longolongo. Siku nilipoitwa dirishani kulikuwa na vocha ya shilingi 40,000, nikasaini nimesimama, moyo mweupe, nikatoka mbio kulipa deni la nauli.

Miaka miwili baadaye jarida moja la Nairobi likataka kuchapa ile makala upya, kwa malipo mazuri kuliko yale ya kwanza. Na wiki hiyohiyo rafiki yangu kanionyesha brosha ya hoteli: aya zangu nne nzima na picha zangu mbili, bila jina langu. Nikaenda kwa mhariri wangu wa zamani nimevimba. Hakubishana nami. Alimwita mhasibu, likaletwa faili, ikatolewa vocha. "Mdogo wangu, si saini yako hii?" Chini ya tarakimu, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno: malipo ya makala, picha na haki zote. Hoteli ilikuwa imenunua kutoka kwao.

Msidhani ni ujanja wa uswahilini tu. Marekani kuna kesi iliyofika mahakama ya rufani mwaka 1995, kati ya Playboy na mjane wa mchoraji Patrick Nagel, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa juu ya maneno yaliyopigwa muhuri nyuma ya hundi alizokuwa akilipwa marehemu. Msanii anageuza hundi, anasaini ili apate hela yake, kumbe saini hiyo inasomwa kama mkataba. Vocha yangu na hundi zake ni ndugu wa tumbo moja.

Nilinusurika kwa vitu viwili ambavyo nataka mvishike. Cha kwanza, haki ya kutajwa jina. Mkataba wa Berne unaitenganisha haki hiyo na haki za kiuchumi: hata ukishauza haki ya kuchapa na kusambaza, bado una haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe mwandishi, na kupinga kazi yako kuharibiwa kiasi cha kukuvunjia heshima. Hoteli niliidai jina na ikakubali kwa brosha itakayofuata. Kama ilifuata, mimi sikuiona.

Cha pili ndicho kikubwa. Kile kisichonilinda kwenye wazo kilinilinda hapa. Niliuza maandishi yale, sikuuza ninayoyajua. Daftari langu la Paje halikuwemo kwenye vocha. Nikampigia simu mhariri wa Nairobi, nikamwambia makala ile siwezi kukupa, ila nitakuandikia nyingine juu ya watu walewale, sentensi mpya, mwanzo mpya, mambo ambayo mara ya kwanza niliyaacha. Akaniagiza niandike. Na ni kazi halali kabisa, mradi usichukue aya za zamani ukabadilisha maneno mawili matatu.

Kumbe nilikuwa karibu kuruka majivu nikanyage moto. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu cha 31 ambacho kila mwandishi wa kujitegemea anayeuza Nairobi anapaswa kukijua: kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Yaani ukimya unakula kwako! Makala uliyoiandika mwenyewe kwanza, ukaipeleka ikiwa tayari, haiguswi na kifungu hicho. Uliyoandika kwa agizo la mhariri inaguswa. Kilichoniokoa ni sentensi moja niliyokuwa nimeanza kuiweka kwenye kila barua pepe baada ya ule mkasa wa vocha: "Ninatoa haki ya kuchapa mara moja, haki nyingine zote zinabaki kwangu." Mhariri akajibu "sawa". Hilo "sawa" ndiyo makubaliano yenyewe. Ninalo mpaka leo.

Marekani mambo yako tofauti kidogo, nawaambia ndugu zetu mnaoandika kutokea huko. Mwandishi wa kujitegemea hapotezi hakimiliki kwa kuagizwa tu. Lakini kwenye mkataba wa jarida unaweza kukutana na maneno "work made for hire", na hayo yakisainiwa na pande zote mbili, mchapishaji anahesabiwa kuwa ndiye mwandishi tangu siku ya kwanza. Ni mabaya hata kuliko "all rights", kwa sababu sheria ya huko inampa mwandishi aliyeuza haki zake nafasi ya kuzidai tena baada ya miaka 35, na kwa kazi ya aina hii nafasi hiyo haipo.

Kuna kesi moja ya huko inayoonyesha vizuri kwamba kila kitu kiko kwenye ulichosaini. Mwaka 1993 Jonathan Tasini, aliyekuwa rais wa chama cha waandishi cha National Writers Union, na wenzake watano waliwashtaki wachapishaji, likiwemo gazeti la New York Times. Makala zao 21, zilizotoka kati ya 1990 na 1993, zilikuwa zimeingizwa kwenye hifadhi za kompyuta kama LexisNexis, ambako watu walilipa kuzisoma, na waandishi hawakuulizwa wala kupewa kitu. Wachapishaji walisema ni gazeti lilelile, limebadilisha umbo tu. Juni 25, 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba si lilelile: kule kwenye hifadhi kila makala inasimama peke yake, imeng'olewa kwenye gazeti lake, kwa hiyo ruhusa ya kuchapa kwenye karatasi haikutosha.

Ushindi mkubwa. Lakini angalia kilichotokea pembeni. Tangu 1995 Times walikuwa wameshaanza kuwataka waandishi wa kujitegemea wasaini kutoa haki hizo. Kwa hiyo kesi iliwasaidia wale wa makala za zamani, ambao hawakuwa wamesaini chochote kuhusu kompyuta. Na hata hao, mapatano ya mwaka 2005 ya hadi dola milioni 18 yalikwama mahakamani kwa miaka. Desemba 2023 gazeti hilohilo likaishtaki OpenAI na Microsoft kwa kutumia makala zake kufundishia programu za akili bandia bila ruhusa. Sisemi hawana hoja, hoja wanayo. Ila mtu wa upande wetu anaruhusiwa kucheka kidogo.

Na jambo hilo limeshafika kwenye mikataba yetu. Shirika la habari la Associated Press liliingia makubaliano na OpenAI Julai 2023, na wengine wakafuata. Ukisaini "haki zote", au maneno kama "kwa njia yoyote iliyopo sasa au itakayobuniwa baadaye", usishangae makala yako ikiuzwa kwa kazi hiyo na wewe ukasoma habari zake kama wasomaji wengine.

Sasa ufanye nini ukiletewa karatasi kama hiyo? Kwanza, iombe kabla hujaandika makala, si siku ya kulipwa. Siku ya kulipwa una njaa, na mwenye njaa hasomi herufi ndogo. Pili, kata kwa kalamu maneno usiyoyataka, andika juu yake unachokitoa: lugha gani, nchi gani, mara ngapi, kwenye karatasi tu au na mtandaoni, kwa muda gani. Wote wawili mweke saini ndogo pembeni. Kama ni vocha ya kupokelea fedha, andika "malipo ya kuchapa mara moja" kabla ya kusaini. Mhasibu atakuna kichwa, atakwenda kuuliza ndani, atarudi. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu lile neno liliwekwa na mtu aliyenakili fomu ya mahali pengine na hakuna anayelipigania.

Picha zitaje peke yake, kwa bei yake. Mimi nilizitupa bure na ndizo zilizouza brosha. Uliza pia kama malipo ni makala ikikubaliwa au ikichapwa, maana makala iliyokubaliwa inaweza kulala kabatini mwaka mzima. Na ikiwa umeagizwa ukaandika halafu wakaiacha, omba fidia. Kwa majarida ya Marekani robo ya malipo ni kiwango cha kawaida. Huku kwetu wengi watakuambia hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Omba hivyohivyo.

Kuna watakaoniambia ukianza masharti hayo utaitwa mkorofi, kazi zitapewa makanjanja wasiouliza kitu. Ni kweli inatokea. Imenitokea mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na kodi ya nyumba inanidai. Mara ya pili nilisaini haki zote, nikijua. Nilidai bei mara tatu ya kawaida, nikapewa mara mbili, na makala ile sijaigusa tena. Ila daftari ninalo, na mwezi ujao narudi Paje.