Amana ya Jina la Mtu

Uendapo hospitali, msomaji mpenzi, kabla hujapewa dawa huna budi kuandikwa. Karani hukuuliza jina lako, umri wako, kwenu ni wapi, na ni nani wa kuarifiwa kama likikupata jambo. Katika chumba cha daktari waandikwa tena: ugonjwa ulio nao, dawa uliyopewa, na pengine neno ambalo hata mama yako hukumwambia. Wewe hupona ukaenda zako, lakini karatasi hubaki. Itakuwapo mwakani, na ikitunzwa vema itakuwapo hata baada ya kufa kwako. Je, miaka hamsini ikipita, karatasi ile ni ya nani? Ni ya hospitali iliyoiandika, ni ya mwanahistoria aitakaye, au ni yako wewe na wanao?

Swali hili huwakabili wote wanaotunza kumbukumbu za kale za mashirika ya tiba na ya kusaidia wenye dhiki. Hebu tulitazame kwa mfano mmoja ulio mkubwa, nao ni hazina ya nyaraka ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoko Geneva, katika nchi ya Uswisi.

Kamati hiyo ilizaliwa na vita. Mwaka 1859 mfanyabiashara wa Geneva, Henry Dunant, alifika Solferino, kaskazini ya Italia, akakuta maelfu ya askari waliojeruhiwa wamelala bila waganga wa kuwatosha. Mambo aliyoyaona hayakumtoka moyoni. Mwaka 1863 yeye na wenzake wanne, wawili kati yao wakiwa madaktari, waliianzisha kamati ya kuwasaidia majeruhi wa kila jeshi pasipo ubaguzi. Sisi wa Kenya twaijua alama yake, kwa maana nchi yetu ilianzisha shirika lake la Msalaba Mwekundu kwa sheria ya Bunge mwaka 1965.

Lakini watu hao waligundua upesi kwamba jeraha huumiza watu wawili. Askari akilala katika hospitali ya adui, mama yake huko nyumbani naye huugua kwa kutojua kama mwanawe yu hai. Kwa hiyo kazi ya kufunga vidonda ikaongezewa kazi ya kuandika majina.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Kamati ilifungua huko Geneva ofisi ya kushughulikia habari za mateka. Majeshi yaliyopigana yalipeleka orodha za watu waliotekwa, za wagonjwa waliolazwa, na za waliokufa. Jamaa nao walipeleka barua za kuuliza. Kila jina lililokuwa katika orodha liliandikiwa kadi, na kila swali la jamaa likaandikiwa kadi yake. Kisha kadi zote zikapangwa kwa taratibu ya alfabeti. Kadi ya orodha ilipokutana na kadi ya swali, jibu lilikuwa limepatikana, na barua ikaandikwa kwa mzazi au kwa mke. Mwaka ule haujaisha, watu wapatao 1,200 walikuwa kazini, wengi wao wakijitolea bila mshahara. Daktari mmoja, Frédéric Ferrière, alishikilia kwamba raia wasiokuwa askari nao watafutwe, akaanzisha sehemu yao. Hata vita vilipokwisha, kadi zilikuwa zimefika kiasi cha milioni 7.

Yatazame basi yaliyoandikwa katika kadi hizo: jina la mtu, kikosi chake, kambi aliyofungwa, ugonjwa uliompata, siku aliyokufa. Hayo ni mambo ambayo mtu hamwambii kila apitaye njiani. Lakini yaliandikwa kwa ajili ya mwenyewe na jamaa zake. Neno hilo ulishike, kwa kuwa tutalirudia.

Huenda ukasema, “Ikiwa maandishi yana siri za watu, basi ni heri yasiandikwe kabisa.” Kabla hujakata shauri, turudi huku kwetu. Katika vita vile vile, Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi wa jeshi lao katika Afrika ya Mashariki. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na jeshi hilo la wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wengi walizikwa bila jina juu ya kaburi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu ya Waafrika hawakupewa kumbukumbu ya majina yao kama walivyopewa wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Leo mjukuu wa mateka Mfaransa aweza kuisoma kadi ya babu yake. Lakini mjukuu wa mpagazi wa Ukambani au wa Nyanza mara nyingi hana hata mstari mmoja wa kusoma. Kutoandikwa nako ni dhuluma.

Wala kuandikwa peke yake si salama. Jirani zetu wa Rwanda walilijua hilo kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji watu wa nchi ile walipewa vitambulisho vilivyotaja kabila la mtu, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya uhuru. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji waliweka vizuizi njiani wakadai kuona kitambulisho. Neno moja lililoandikwa miaka mingi nyuma na karani likatosha kumtoa mtu roho. Lakini katika nchi ile ile, tangu mwaka ule ule, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walianza kuandika kadi za namna nyingine: jina la mtoto aliyepotezana na wazazi wake, kijiji alichotoka, jina la baba na la mama, mahali alipookotwa. Watoto zaidi ya 100,000 waliandikwa, na makumi ya maelfu wakarudishwa kwa jamaa zao. Kadi ya kwanza iliua na ya pili ikaponya, ingawa zote mbili ni karatasi na wino. Tofauti ilikuwa kwa mtu aliyeishika na nia aliyokuwa nayo.

Sasa waweza kuelewa kwa nini watunzaji wa nyaraka za Geneva huenda kwa hadhari. Zamani hazina yao ilifungwa kwa watu wa nje. Mtafiti hakuingia ila kwa ruhusa maalumu. Mwaka 1996 Kamati iliamua kuwafungulia watu wote makaratasi ya zamani. Kanuni za mwaka 2004 ziliweka muda wa miaka 40 kwa mafaili ya kawaida, na miaka 60 kwa yale yenye habari za mtu binafsi au za tiba. Mwaka 2017 muda huo uliongezwa, ukawa miaka 50 na miaka 70.

Kwa nini kuwe na vipimo viwili? Barua inayotaja bei ya mablanketi haimwaibishi mtu. Lakini faili lisemalo kwamba mfungwa fulani alikuwa na kifua kikuu, au alirukwa na akili gerezani, au alimtaja askari aliyempiga, laweza kumwaibisha au hata kumhatarisha angali hai. Kwa hiyo huachwa likae mpaka wakati umpite mwenyewe. Hata hivyo mlango haukufungwa kwa walioandikwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watu wengi waliokuwa mateka waliomba Geneva hati za kuthibitisha kwamba walifungwa, wapate kudai malipo yao ya uzeeni. Na kadi za vita vya mwaka 1914 hadi 1918, ambazo wenyewe wamekwisha kufariki, zilipigwa picha, na tangu mwaka 2014 kila mtu aweza kuzitazama.

Fanya hesabu kidogo. Kwa kanuni ya miaka 70, faili la mtoto wa Rwanda lililoandikwa mwaka 1994 halitakuwa wazi kwa watu wote kabla ya mwaka 2064. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano wakati ule atakuwa mzee wa miaka 75, na huenda akawa hai bado. Kwake yeye miaka 70 yaweza kuwa haitoshi. Kwa mwanahistoria atakaye kuandika habari za msiba ule, miaka 70 ni mingi mno. Wote wawili wana haki, na hakuna kanuni itakayowaridhisha sawasawa. Mtunzaji hana budi kupima.

Katika kupima huko iko hatari moja ambayo wewe mwanafunzi wa historia yakupasa kuijua. Kufuli lililowekwa kumlinda mnyonge laweza kugeuzwa likamlinda mkubwa. Mnamo Oktoba 1942, habari za kuuawa kwa Wayahudi zikiwa zimekwisha kufika Geneva, Kamati ilikutana kushauriana kama itoe tangazo la wazi la kuyapinga maovu ya vita. Ilikata shauri kunyamaza. Miaka mingi ikapita. Kisha mwanahistoria Jean-Claude Favez aliruhusiwa kuyasoma makaratasi ya Kamati, na mwaka 1988 akatoa kitabu kilichoeleza yale ambayo Kamati iliyajua na jinsi ilivyonyamaza. Baadaye Kamati yenyewe ilikiri kwamba ilishindwa. Lau makaratasi yale yangalichomwa, au yangalifichwa milele kwa jina la siri, ukweli huo ungalikosa shahidi. Kwa hiyo siri ya mgonjwa na siri ya wakuu wa shirika zisipimwe kwa mizani moja. Jina la mgonjwa laweza kusitiriwa, na hukumu juu ya matendo ya wakuu ikaandikwa wazi.

Katika siku zetu kuna hatari nyingine. Zamani mwizi wa kumbukumbu alilazimika kuvunja mlango na kubeba masanduku. Mnamo Januari 2022 ilitangazwa kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia kwa siri katika kompyuta zenye data za Msalaba Mwekundu, wakafikia habari za watu zaidi ya 515,000. Wengi wao walikuwa wametengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji au maafa, na habari zao zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya nchi mbalimbali. Kamati ililazimika kuizima kwa muda mitambo iliyotumiwa kuwaunganisha jamaa. Hivyo walioumia hawakuwa wale tu waliofunuliwa siri zao. Mama aliyekuwa akingoja habari za mwanawe naye alizidishiwa siku za kungoja.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Ni sheria njema, lakini sheria haiwezi kukaa mezani mwa kila karani. Kesho huenda ukawa muuguzi, au mwalimu mwenye faili za wanafunzi, au mtunza nyaraka wa wilaya. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa sababu kata ndiyo iingiayo ndani. Utakapokuwa wewe ndiwe kata, kumbuka mambo matatu. Andika kwa usahihi, ili aliyepotea apatikane. Tunza vema, kwa maana akiba haiozi, na mjukuu ambaye hajazaliwa atakuja kuuliza. Na kila mara mtu atakapokuomba kufungua faili, jiulize kwanza liliandikwa kwa ajili ya nani.

Jina la mtu aliyelala kitandani akiumwa halikutolewa bure. Alilitoa kwa sababu alihitaji msaada na akakuamini. Hiyo ni amana, na kila mtu ajua kwamba mwenye amana hurudishiwa mali yake.