Sindano Moja ya Mchanganyiko: Kuwatuliza Watoto katika Upimaji wa Moyo kwa Kateta, 1958–1995

Historia ya tiba ya moyo wa mtoto imeandikwa zaidi kupitia majina ya wapasuaji. Sehemu hii inamtazama mtoto ambaye hakupasuliwa kifua, bali aliingizwa kateta, yaani mrija mwembamba unaopita mshipani hadi moyoni, akatakiwa atulie hadi vipimo viishe. Mwaka 1958, Smith, Rowe na Vlad wa Toronto walichapisha taarifa ya kuwatuliza watoto wa namna hiyo kwa sindano moja ya msuli. Mchanganyiko uliozoeleka ulikuwa na miligramu 25 za pethidini, 6.25 za promethazini na 6.25 za klorpromazini katika kila mililita.

Kwa nini ulidumu? Jibu la wazi ni kwamba ulitolewa kwa urahisi, hata pasipo mtaalamu wa usingizi. Lakini dawa iliyokwisha kuingia msulini hairudi. Mtoto aliweza kuendelea kulala saa nyingi baada ya kazi kwisha, na naloksoni hutangua pethidini tu. Klorpromazini nayo hushusha shinikizo la damu. Kwa mtoto mwenye kasoro nne za Fallot, shinikizo la mwilini likishuka, damu isiyopita mapafuni huongezeka kuvuka tundu la moyo, na mtoto huzidi kuwa wa buluu.

Kwa maoni ya mtafiti, usalama hapa haukuwa suala la uhai peke yake. Pumzi ikidhoofika, hewa ya kaboni hujilimbikiza na mishipa ya mapafu husinyaa. Shinikizo linalosomwa huwa la dawa kuliko la ugonjwa. Na ni kwa tarakimu hiyo ndipo huamuliwa kama mtoto apasuliwe au asipasuliwe.

Ketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970, ilihifadhi vyema zaidi pumzi na shinikizo, ingawa iliongeza mate na njozi za kutisha wakati wa kuamka. Hata hivyo, badiliko kubwa halikuwa la dawa. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 1985, uliorekebishwa 1992 kwa kusisitiza kipimo cha oksijeni, ulidai awepo mtu mwenye jukumu la kumwangalia mtoto. Mwaka 1995 chama hichohicho kilishauri zitafutwe mbadala wa mchanganyiko ule, miaka 37 baada ya taarifa ya Toronto.