Vilabu vya Pombe vya Dodoma Tulivyovijua

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya vilabu vya zamani vya pombe katika mji wa Dodoma na vijiji vilivyouzunguka, hasa kwetu Nzuguni. Najua wengine watashangaa kusikia mazungumzo kama haya kutoka kwa mwalimu aliyelelewa katika shule za misheni. Nisikilizeni kwanza mpaka mwisho, kisha mtanihukumu. Sikuja kuisifu pombe. Nimekuja kueleza mahali ambapo hapapo tena, na watu ambao kazi yao haikuandikwa katika vitabu vya historia.

Hapo kale, kabla ya reli, Ugogo haukuwa na kilabu hata kimoja. Pombe, ambayo Wagogo huiita ujimbi, ilipikwa nyumbani katika tembe, nayo ilikuwa na kazi zake. Mtu aliyetaka kulimiwa shamba aliwaalika majirani. Wakalima tangu alfajiri, na jioni wakanywa. Wazee walipokutana kusuluhisha ugomvi, aliyeshindwa alitoa pombe, wale wawili wakanywea kibuyu kimoja ili watu wote waone kwamba shauri limekwisha. Hata wazee waliokwisha kufa walikumbukwa kwa kumwagiwa pombe kidogo kaburini. Basi pombe haikuwa bidhaa ya duka, bali ilikuwa malipo, mapatano na sala.

Wala kuipika si kazi ndogo. Uwele au mtama huloweshwa majini, kisha hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uchipue. Ukisha kuchipua huanikwa juani, ukikauka husagwa. Huo ndio unga wa kimea. Hupikwa uji, ukaachwa upoe, ukatiwa kimea, nao ukaanza kuchachuka. Hatimaye huchujwa, ikawa tayari. Tangu kulowesha nafaka mpaka kuchuja ni kazi ya siku nyingi, tena hutaka kuni nyingi na maji mengi. Na maji katika nchi yetu kavu, ambayo mvua yake huanza mwezi wa Desemba na kwisha Aprili, si kitu cha kuchezea. Kazi hiyo yote ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Mambo yalibadilika ilipokuja reli. Wadachi, ndio Wajerumani, walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Palipokuwa na makazi machache pakawa na stesheni, boma, maduka ya Wahindi na nyumba za wafanyakazi. Watu hao wa reli, wapagazi na askari walikuwa mbali na kwao. Hawakuwa na mashamba ya kulimiwa, wala mama na dada wa kuwapikia. Lakini walikuwa na mshahara mwisho wa mwezi. Ndipo mwanamke wa Kigogo, na wa makabila mengine waliokuja mjini, alipoona kwamba ujuzi wake wa nyumbani waweza kumpatia fedha. Hivyo pombe ikaanza kupimwa kwa kopo na kuuzwa.

Serikali ya Waingereza, iliyoshika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, haikupenda pombe iuzwe ovyo katika kila nyumba. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi na wakuu wengine wa wenyeji uwezo wa kuweka amri juu ya kupika na kuuza pombe katika nchi zao. Na katika miji, pombe ya kienyeji ilitakiwa kuuzwa mahali maalumu, kwa leseni na kwa saa zilizowekwa. Mahali hapo pakaitwa kilabu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, ambalo Wazungu walilitumia kwa nyumba zao za kupumzikia jioni, mahali ambapo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Kiswahili kikalichukua, kikalivika vazi la ki na vi, likawa kilabu na vilabu, nalo likawa jina la banda la mtu wa kawaida.

Yafaa tuangalie kidogo nchi za wenzetu, ili tujue ni kitu gani kilichokuwa chetu. Katika mji wa Durban, Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 1908 iliupa utawala wa mji haki ya kupika na kuuza pombe peke yake, na faida yake ikatumiwa kuwatawala Waafrika walewale walioinywa. Mfano huo uliigwa Nairobi, ambako ukumbi wa pombe ulifunguliwa Pumwani mwaka 1922. Hapo mwanamke aliyepika kwake alihesabiwa mkosaji, akakamatwa na chombo chake kikamwagwa. Uchungu wa jambo hilo haukwisha upesi. Mwezi wa Juni mwaka 1959, wanawake wa Cato Manor huko Durban waliingia kwa nguvu katika ukumbi wa pombe wa mji, wakawatoa wanaume nje. Kwetu sisi, kwa kawaida, mwanamke alilipa ushuru wake, akapata nafasi yake katika kilabu, akauza pombe aliyoipika mwenyewe. Masharti yalikuwapo, lakini chombo kilibaki mkononi mwake.

Baada ya uhuru mambo yaliendelea vivyo hivyo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilidumisha desturi ya leseni na saa. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, ambayo iliwakusanya katika vijiji watu waliokuwa wakikaa mbalimbali katika matembe yao. Katika vijiji hivyo kilabu kikawa karibu na kila mtu, kama vile shule na zahanati.

Sasa niwaeleze kilabu nilichokijua mimi Nzuguni, nilipokuwa mtoto katika miaka ya 1990. Kilikuwa chini ya mbuyu mkubwa. Palikuwa na banda la miti lililoezekwa bati kuukuu, lisilo na kuta, na magogo yaliyolazwa chini yakawa viti. Wanawake wapishi walikuwa na zamu. Huyu alileta pombe yake Jumatatu, yule Alhamisi, wala hapana aliyeingilia siku ya mwenziwe. Maana wakileta wote siku moja, wote wangepata hasara. Mwenye pombe alionja yeye kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wakapewa. Ilikuwa desturi ya kuonyesha kwamba haina sumu wala hila.

Saa za alasiri walikuja wazee. Nao hawakuja kulewa, kwa kuwa wengi walikaa na kopo moja mpaka jua likachwa. Walikuja kusikia habari: ng'ombe wa nani amepotea, mvua imeonekana upande gani, mtoto wa nani ameposa. Mtu aliyetafuta vibarua aliwapata hapo. Mtu aliyedaiwa alitafutwa hapo. Siku nyingine alikuja mpiga zeze, akaimba na kumtania kila aliyekuwapo kwa jina la ukoo wake, na sisi watoto tuliotumwa kuwaita baba zetu tukajibanza nyuma ya mbuyu tumsikilize, tukasahau tulichotumwa. Hata leo nikisikia zeze nakumbuka harufu ya kimea na moshi wa kuni.

Lakini mwalimu asemaye nusu ya kweli amesema uongo. Kilabu kilikuwa na ubaya wake, nao haukuwa mdogo. Wako wanaume waliofika na fedha ya mavuno yote wakarudi mikono mitupu. Wako wanawake waliopigwa usiku kwa ajili ya ulevi wa waume zao, na watoto waliolala njaa. Tena katika Ugogo, nafaka inayopikwa pombe ni nafaka inayotolewa ghalani. Nchi yetu imeona njaa nyingi, na ile iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliua watu wengi mno, baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakosa. Wazee waliozaliwa na kumbukumbu hiyo walijua kwa nini watawala walikataza kupika pombe katika miaka ya ukame. Makanisa nayo yalipowakataza waumini wao pombe, yalikuwa na sababu.

Hapo ndipo shauri langu mwenyewe linapoingia, nami sina budi kulisema. Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wa wapishi wa kilabu hicho. Baba alifariki nikingali mdogo. Shamba letu lilitupa chakula katika mwaka mwema, wala halikutupa fedha. Kwa sababu ya kazi yake mama hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana kanisani kwetu. Kila Jumapili alikaa kiti cha nyuma, na watu walipoinuka kwenda mbele yeye alibaki ameketi, ameinamisha kichwa. Nami, mwanawe, nilikaa mbele pamoja na waimbaji.

Nilipoingia sekondari, karo ilikuwa bado yatozwa katika shule za serikali. Haikuondolewa mpaka mwaka 2016. Fedha yangu ilitoka kwenye kopo la mama. Mwaka wa pili tulipewa insha ya kuandika juu ya madhara ya pombe, nami nikaandika kwa bidii nyingi, nikapata zawadi ya kwanza. Nilipokwenda nyumbani likizo, mama, ambaye hakujua kusoma, aliniomba nimsomee. Nikasoma, huku sauti yangu ikipungua kila nilipofika mahali pakali. Alisikiliza mpaka mwisho, asinikatize. Kisha akasema, "Ni kweli tupu, mwanangu. Sasa nisaidie kuinua pipa hili, watu wangojea." Nikaliinua. Siku ile nilitaka kumwambia neno la shukrani, nikaona haya, sikusema. Alifariki kabla sijamaliza chuo cha ualimu, na neno lile silipati mtu wa kumwambia.

Je, vilabu hivyo vimekwenda wapi? Havikuondolewa kwa siku moja, wala kwa amri moja kama ilivyokuwa Kenya, ambako vilabu vya busaa vilifungwa na sheria ya mwaka 1980 ikakataza chang'aa kabisa. Kwetu vilimomonyoka kidogo kidogo. Kwanza, mji ulikua. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Serikali ikahamia kwa haraka tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mashamba yakapimwa viwanja. Nzuguni, iliyokuwa kijiji cha uwele na ng'ombe, sasa ni kata ya jiji, yenye viwanja vya maonyesho ya Nanenane na kituo kikubwa cha mabasi. Pili, ilikuja bia ya chupa kwa wingi, hasa baada ya mwaka 1993, kampuni ya bia ya taifa ilipoingia ubia na kampuni ya Afrika ya Kusini. Kijana mwenye fedha akaona fahari kushika chupa kuliko kopo. Tatu, vilikuja vileo vikali katika vifuko vidogo vya nailoni, vilivyoitwa viroba, ambavyo viliwaharibu vijana wengi mpaka serikali ikavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kiroba hakikutaka zamu, wala gogo la kukalia, wala mzee wa kukuambia, "Inatosha, nenda nyumbani." Mtu alikinywa peke yake, akatupa kifuko njiani.

Hilo ndilo nililotaka mlipime. Watu hawakuacha kunywa vilabu vilipokwisha. Kilichokwisha ni ile desturi ya kunywa mbele ya macho ya wengine, na ile njia ambayo fedha ya mnywaji ilibaki kijijini, mkononi mwa mjane, ikaenda kuwa daftari, sare na karo. Fedha ya chupa huondoka Nzuguni siku ileile. Mwenye kuhukumu vilabu na ahukumu, lakini aweke na hayo katika mizani.

Nanyi wanafunzi, nina ombi moja kwenu. Marehemu Mathias Mnyampala, mwana wa Ihumwa, jirani zetu hapa, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kikachapwa mwaka 1954. Kama yeye asingewauliza wazee, mengi tungeyakosa. Basi nanyi waulizeni bibi zenu: kilabu kilikuwa mti gani, nani alikuwa na zamu ya siku gani, na fedha yake ilisomesha watoto wangapi. Andikeni majina yao. Na ikiwa mmoja wenu amesomeshwa kwa kazi ambayo watu waliidharau, na aliyeifanya angali hai, asingoje kama nilivyongoja mimi. Aende leo akamshukuru.